Modeli moja, vioo viwili: niirudishe tena au niizoee?

Swali la msomaji:

"Nilinunua laptopu baada ya kuona ya mwenzangu kazini, modeli hiyohiyo, kioo chake kinapendeza mno. Yangu ilipofika kioo kilikuwa na unjano, na nikizima taa usiku, pembe ya chini kushoto inavujisha mwanga. Nikairudisha, nikapewa nyingine mpya. Hii ya pili haina unjano, lakini rangi zimepauka na mwangaza unapanda na kushuka wenyewe. Dukani wanasema zote mbili ziko ndani ya viwango vya kiwanda. Kazi yangu ni kupanga kurasa za majarida, rangi kwangu si mapambo. Je, nimeuziwa feki? Niirudishe tena au niizoee?"

Jibu:

Hapana dada, sidhani kama umeuziwa feki. Duka nalo huenda halikudanganyi linaposema vioo vyote viwili viko ndani ya viwango. Kinachokera ni kwamba viwango hivyo vina nafasi kubwa kuliko mteja yeyote anavyodhani. Jina la modeli kwenye katoni linakuhakikishia umbo la mashine, na ukisoma karatasi yake vizuri, prosesa na RAM. Kioo halikuhakikishii.

Kampuni ambayo nembo yake iko mgongoni mwa laptopu yako kwa kawaida haijatengeneza kioo hicho. Imekinunua. Vioo vya laptopu duniani hutoka kwenye viwanda vichache: LG Display na Samsung Display za Korea Kusini, AU Optronics na Innolux za Taiwan, BOE ya China, Sharp ya Japani, na wengine wachache. Kampuni ya laptopu huandika mahitaji yake, tuseme inchi 14, pikseli 1920 kwa 1200, mwangaza niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), unene usizidi kiasi fulani, kisha hununua kutoka kwa viwanda viwili au vitatu vinavyotimiza mahitaji hayo. Ina sababu zake. Haitaki kiwanda kimoja kikikwama uzalishaji wote usimame, na haitaki muuzaji mmoja ajue kwamba hana mshindani. Ni kama fundi anayeshona sare za shule kwa majora ya viwanda vitatu: mshono ni uleule, lakini wanafunzi wakisimama mstarini utaona bluu tatu.

Wala usidhani ni mashine za bei ya chini tu. Apple ilipotoa MacBook Pro ya kwanza yenye kioo cha Retina mwaka 2012, vioo vilitoka LG na Samsung kwa modeli ileile, na wengi waliopata vya LG walilalamika kwamba picha iliyokaa muda kwenye kioo inaacha kivuli chake hata baada ya kufungwa. Mwaka uliofuata suala hilo lilifikishwa mahakamani California. Watu walikuwa wamelipa bei moja, wakapewa jina moja la bidhaa, na vioo vya viwanda viwili.

Hiyo ni tofauti ya kiwanda na kiwanda. Ipo pia tofauti ndani ya kiwanda kimoja, kwa paneli (yaani kioo chenyewe kinavyotoka kiwandani) zenye namba moja, na hapa ndipo unjano wa mashine yako ya kwanza unapoweza kuwa umetokea. Vioo vya kawaida, yaani visivyo OLED (aina ambayo kila pikseli hujiwakia yenyewe), havitoi mwanga vyenyewe. Nyuma yake au pembeni kuna safu ya taa ndogo za LED. Taa hizo kwa asili ni za bluu. Weupe unapatikana kwa kuzipaka juu fosfa ya njano, unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa njano. Fosfa ikizidi kidogo, weupe unaelekea njano. Ikipungua, unaelekea bluu. Viwanda huzipima taa na kuzipanga kwa makundi kulingana na weupe wake, lakini kundi nalo lina upana. Ongeza hapo bamba la plastiki linalosambaza mwanga, karatasi za kuulainisha, na safu ya fuwele za kimiminika ambayo unene wake ni maikromita chache tu. Kila tabaka likikosea kidogo upande uleule, makosa hujumlishwa.

Kiwanda kinajua hili na kinaliandika. Nyaraka za kiufundi za paneli, zile anazopewa mnunuzi wa jumla, huwa na safu tatu za tarakimu: kiwango cha chini, cha kawaida na cha juu. Tangazo la dukani huchukua ile ya katikati. Paneli inayotangazwa kuwa na niti 250 inaweza kuandikwa kiwango cha chini niti 212 au karibu na hapo, kwa hiyo ukiipata ya 215 hakuna aliyevunja ahadi. Usawa wa mwangaza nao hupimwa kwenye nukta 5 au 13 za kioo, na si ajabu kukuta paneli inaruhusiwa nukta yenye mwanga mwingi kuizidi yenye mwanga mdogo kwa nusu nzima. Kuhusu pikseli zilizokufa, kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, chenye madaraja. Laptopu nyingi huuzwa kwa daraja la pili, ambalo kwa kila pikseli milioni moja huvumilia mbili zinazowaka daima na mbili zilizozimika daima. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, kwa hiyo piga hesabu: nne zinazowaka na nne zilizokufa, na bado muuzaji akakuambia kwa uso mkavu kwamba mashine ni nzima.

Sasa tuje kwenye mashine uliyonayo mkononi. Kabla hujaibeba kurudi dukani, kuna kitu ulifanye kwanza, maana nina shaka kwamba sehemu ya malalamiko yako kuhusu hii ya pili si ya kioo.

Mwangaza unaopanda na kushuka wenyewe karibu kila mara ni programu. Laptopu za siku hizi zinabana sana matumizi ya betri, na njia rahisi ya kubana ni kupunguza taa ya nyuma pale ukurasa unapokuwa na giza, kisha kuzipa pikseli nguvu zaidi ili usigundue. Unagundua. Kwenye Windows 11, ingia kwenye mipangilio ya skrini, fungua sehemu ya mwangaza, na uzime chaguo la kubadilisha mwangaza kulingana na kinachoonyeshwa. Kama mashine ina kihisi cha mwanga wa chumbani, kuna chaguo lake pia, lizime. Halafu nenda kwenye programu ya kadi ya picha. Kwa Intel tafuta kipengele cha kuokoa umeme wa skrini, kwa AMD tafuta Vari-Bright. Hivi viwili hufanya kazi mashine ikiwa kwenye betri, na ndiyo maana jaribio la haraka ni hili: fungua ukurasa mweusi mtupu, subiri kidogo, ruka kwenda ukurasa mweupe, uangalie kama weupe unapanda taratibu badala ya kutokea mara moja. Chomeka chaja, urudie. Ukiona tabia imetoweka, kioo chako hakina hatia.

Na hapa kuna jambo linalokuhusu zaidi: Vari-Bright na jamaa zake hupausha rangi. Zikipunguza taa na kupandisha pikseli, sehemu angavu za picha hukosa pa kwenda na kila kitu kinakuwa kama kimefuliwa mara nyingi. Nimeletewa mashine kadhaa zilizosemekana kuwa na kioo kibovu, na dawa ikawa ni kuondoa alama ya tiki kwenye kisanduku kimoja. Zima pia mwanga wa usiku, HDR (hali ya kutanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha), na programu yoyote ya mtengenezaji yenye "hali" za rangi zenye majina ya kupendeza. Ukimaliza, iache mashine iwake nusu saa ndipo uitazame. Vioo hubadilika kidogo vinapopata joto.

Ikiwa baada ya yote hayo rangi bado zimepauka, basi nina dhana nyingine, na kwa mtu wa kazi yako ndiyo nzito kuliko zote. Modeli moja mara nyingi huuzwa na vioo vya madaraja mawili, kwa jina lilelile. Upana wa rangi za kioo hupimwa kwa kulinganishwa na seti za rangi ziitwazo NTSC na sRGB. Kimoja huandikwa asilimia 45 ya NTSC, kingine asilimia 72 ya NTSC au asilimia 100 ya sRGB. Hizo mbili za mwisho ni karibu kitu kimoja. Asilimia 45 ya NTSC ni takriban asilimia 62 tu ya sRGB. Yaani zaidi ya theluthi moja ya rangi ambazo picha ya kawaida ya mtandaoni inazitegemea, kioo hicho hakiwezi kuzionyesha. Tofauti hii huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali la sifa, au huonekana tu kwenye tarakimu za mwisho za namba ya bidhaa, zile zinazofuata jina la modeli. Inawezekana kabisa mwenzako ana kioo cha daraja la juu na wewe la chini, bila bahati wala nuksi kuhusika.

Kuthibitisha si kazi. Weka mashine zenu pamoja, mwangaza ulingane, na kila moja ionyeshe ukurasa mzima wa nyekundu tupu, ile ya 255, 0, 0 (nyekundu yote, kijani na bluu sifuri). Kwenye kioo kizuri nyekundu itakuwa nzito, imeshiba. Kwenye kioo cha asilimia 45 itaelekea rangi ya tofali. Nyekundu haina pa kujificha. Kijani na bluu zinaweza kukuchanganya.

Kisha jua kioo chako ni cha nani. Kwenye Windows fungua Device Manager, panua sehemu ya Monitors, bonyeza kifaa kilichomo kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Details, na kwenye orodha uchague Hardware Ids. Utaona neno MONITOR likifuatwa na herufi tatu na alama nne za tarakimu au herufi. Herufi tatu za mwanzo ndizo kiwanda: LGD ni LG Display, SDC ni Samsung Display, AUO ni AU Optronics, CMN ni Innolux, BOE ni BOE, SHP ni Sharp. Ukitumia programu ya bure iitwayo HWiNFO utaona zaidi, mara nyingi jina kamili la paneli. Majina haya yana mtindo wake: ya AU Optronics huanza na B, ya Innolux na N, ya LG na LP, ya BOE na NV, ya Sharp na LQ. Namba inayofuata ni ukubwa, kwa hiyo 140 ni inchi 14.0 na 156 ni inchi 15.6. Wanaotumia Linux watakuta taarifa hizohizo kwenye faili la edid (taarifa ambazo kioo hujitambulisha nazo kwa kompyuta) ndani ya /sys/class/drm. Baadhi ya kampuni za laptopu huweka herufi zao badala ya za kiwanda, na hapo huna budi kufuata namba nyingine. Ukiwa na jina kamili la paneli, litafute mtandaoni. Nyaraka zake zitakuambia kwa tarakimu ni rangi kiasi gani kinaweza kuonyesha. Fanya hivyo kwa mashine yako na ya mwenzako, mtajua kwa dakika kumi mlichobishania wiki nzima.

Faili hilo la edid huwa pia na mwaka, na wakati mwingine wiki, vya kutengenezwa kwa paneli, ingawa viwanda vingine huacha nafasi ya wiki tupu. Umeuliza kuhusu feki: kama mashine iliuzwa kuwa mpya na paneli inaonyesha mwaka wa mbele kuliko mashine yenyewe, hapo ndipo uanze kuuliza maswali makali, kwa sababu kuna mtu aliibadilisha kabla yako.

Mashine yako ya kwanza imeshaondoka, lakini uvujaji wa mwanga nauzungumzia kwa sababu utakutana nao tena. Kwenye vioo vya IPS, aina inayoonyesha rangi vizuri hata ukiitazama kwa pembeni, kuna mambo mawili ambayo watu huyaita jina moja. Kuna mng'ao wa IPS wenyewe, ambao ni tabia ya aina hiyo ya kioo. Ukisogeza kichwa, nao unasogea au unabadilika rangi, na ukirudi nyuma hatua moja unapungua. Huo utaukuta kwenye kila mashine utakayobadilishiwa. Halafu kuna uvujaji halisi, ambao unakaa palepale hata utazame kutoka wapi, mara nyingi pembeni kama mwanga wa tochi uliofichwa nyuma ya fremu. Huu unatokana na mgandamizo: fremu au skrubu inabana kioo sehemu moja na kukipinda kiasi kisichoonekana kwa macho. Huu ndio wa kurudisha. Upime kwenye chumba chenye giza, ukurasa mweusi, mwangaza ukiwa pale unapouweka usiku ukifanya kazi, si asilimia 100. Na tafadhali usihukumu kwa picha ya simu. Kamera gizani huacha mwanga uingie kwa muda mrefu, na kitu ambacho macho yako yalikiona hafifu kinatoka kama moto wa nyika. Ukitaka picha ya kuwapelekea dukani, punguza mwanga wa kamera mpaka picha ifanane na unachokiona.

Unjano nao una namna mbili. Ukienea sawasawa kioo kizima, unarekebishika: kifaa cha kupimia rangi kinachobandikwa juu ya kioo kitatengeneza wasifu wa rangi na kuurudisha weupe karibu na kelvini 6500, ambao ndio weupe wa sRGB. Kwa kazi yako kifaa hicho ungepaswa kuwa nacho hata kioo kingekuwa kizuri. Lakini kama upande wa kulia ni mweupe na wa kushoto ni njano, hakuna wasifu utakaokusaidia, kwa kuwa marekebisho yanagusa kioo chote kwa pamoja. Fungua ukurasa wa kijivu cha kati, si mweupe, ndio unaoonyesha madoa haya vizuri. Na jihadhari na kulinganisha mashine mbili ubavu kwa ubavu kwa ajili ya weupe: jicho likiona mbili pamoja, ile yenye unjano kidogo inaonekana mgonjwa wa manjano, ilhali peke yake ungeizoea baada ya siku moja na usiikumbuke tena.

Kama macho yanakuchoka na huoni sababu, pima kumetameta. Punguza mwangaza mpaka robo, fungua ukurasa mweupe, shika penseli mbele ya kioo na uipunge haraka kulia na kushoto. Ukiona ukungu laini wa penseli moja, taa haimetameti kwa namna ya kukusumbua. Ukiona penseli nyingi zilizopangana kama vidole, taa inazimwa na kuwashwa haraka ili kupunguza mwangaza. Vioo vingi vya OLED vya laptopu hufanya hivi, mara nyingi mara 240 kwa sekunde. Wengine hawahisi chochote, wengine huumwa kichwa. OLED haivuji mwanga pembeni kwa kuwa haina taa ya nyuma, lakini usiikimbilie kwa sababu hiyo pekee.

Sasa uamuzi. Kama jedwali la sifa za mashine uliyonunua linasema asilimia 45 ya NTSC, au linataja niti tu na kunyamaza kuhusu rangi, usibadilishe tena kwa modeli hiyohiyo na daraja hilohilo. Kioo bora kabisa cha daraja hilo bado kitakupaushia kurasa, na utakuwa unarudisha kitu ambacho kinafanya kazi kama kilivyoahidiwa. Omba kurudishiwa pesa, au uongeze uchukue toleo lenye asilimia 100 ya sRGB na niti 400, ambapo hata kile kitakachoangukia kiwango cha chini kitakutosha. Kama jedwali liliahidi asilimia 100 ya sRGB na wewe umepata paneli ambayo nyaraka zake zinasema 45, huna haja ya kubembeleza mtu. Usiende na maneno "kioo ni kibaya", kwa sababu jibu lake umeshalisikia. Nenda na jina la paneli, ukurasa wa nyaraka zake, na jedwali la sifa ulilouziwa nalo, kwa maandishi, ndani ya muda wa kurudisha.

Na kama tabia zote zikiisha baada ya kuzima zile programu, na nyekundu yako ikasimama sawa na ya mwenzako, baki nayo. Mimi nina msimamo kuhusu kubadilisha: mara moja ni haki yako, mara ya pili inaeleweka, kuanzia hapo ni kamari, na kila mashine mpya inaweza kuja na pikseli iliyokufa ambayo ile uliyoirudisha haikuwa nayo. Kumpa fundi afunge paneli bora kunawezekana iwapo plagi inalingana, pini 30 kwa 30 au 40 kwa 40, lakini hilo liache mpaka waranti iishe.

Ikiwa bajeti haitoshi toleo la juu, chukua skrini ya mezani yenye sRGB kamili kwa ajili ya rangi na uiache laptopu ifanye kazi ya maandishi. Kurasa zinazokwenda kwa mchapaji utazipima kwa nakala ya majaribio iliyochapwa vyovyote vile. Katoni, stika na plastiki za ndani usivitupe mpaka muda wa kurudisha upite.